Usimsingizie Mama Njiwa

Watu wakishajua kwamba unafuga njiwa, simu yako inageuka wodi. Mvua za Machi zikianza kuipiga Kampala, picha zinamiminika WhatsApp: kinda uchi ndani ya boksi la viatu, kinda mwenye damu kichwani, kinda wa ndege nisiyemtambua akiwa mikononi mwa mtoto mwenye sare ya shule. Chini ya picha, maneno hayabadiliki sana: mama yake amemkataa, nimpe nini?

Mimi hujibu kwa kuuliza: huyo ndege ni wako? Wengi huudhika. Wanaona kama nadai risiti wakati mgonjwa anakata roho. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Ndege wa banda, ambaye wewe ndiye uliyemjengea, ukampangia pa kutagia na ukamwekea majirani asiowachagua, ana haki juu yako hata kama matibabu yake yatapita bei yake mara tano. Ndege wa mti hana madai hayo. Yeye anakutaka ufanye jambo gumu zaidi kwa mtu mwenye huruma, nalo ni kumrudisha alipokuwa na kwenda zako.

Nianze na wa banda, maana huyo ndiye ninayemjua usiku na mchana.

Njiwa hutaga mayai mawili, la pili likichelewa karibu siku mbili. Baba na mama huatamia kwa zamu, baba sehemu kubwa ya mchana na mama usiku, kwa siku 17 au 18. Kinda hutoka kipofu, ana vinyweleo vya manjano na mdomo mkubwa usiolingana na kichwa. Siku zake za kwanza hagusi nafaka. Wazazi wote wawili, baba naye pia, humtengenezea chakula ndani ya gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya koo. Ni ute mzito kama jibini laini, umejaa mafuta na protini, na hauna ile sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana kinda anayenyweshwa maziwa ya dukani huharisha akafa, na aliyemnywesha akabaki akilia kwamba alijitahidi.

Sasa, mama wa namna hiyo anamkataaje mwanawe? Mara nyingi hajamkataa. Tuna haraka ya kutoa hukumu kwa sababu tumeingia bandani asubuhi moja, tukamkuta kinda yuko peke yake na mama yuko juu ya paa. Huenda mama ameshataga mayai mengine, kama njiwa wanavyofanya wakishiba, na kazi ya kulisha wale wa kwanza imebaki kwa baba. Huenda mwewe amemchukua mmoja wa wazazi, na aliyebaki anashindwa kutafuta chakula na kufunika watoto kwa wakati mmoja. Huenda nzi wa njiwa na utitiri wamejaa kwenye kiota hadi mama hawezi kukaa. Huenda kinda ana vile vidonda vya manjano kooni vinavyozuia chakula kupita. Au, na hili ndilo la kawaida kuliko yote, bati limevuja usiku na kinda amepoa. Kinda aliyepoa hainui kichwa wala halii. Mzazi wa njiwa hulisha anayeomba, na asiyeomba hupitwa.

Jirani yangu mmoja hapa Kibuli, Hajji mwenye njiwa wengi na maneno mengi zaidi, aliniita siku moja kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. "Mwalimu, njoo umwone. Mama yake hamtaki, kamtoboa kichwa." Kinda alikuwa na wiki mbili hivi, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza kama vijiti vya kiberiti. Ngozi ya utosi ilikuwa imechanika kutoka juu ya jicho mpaka kisogoni, ikarudi nyuma, na mfupa wa kichwa ulionekana mweupe kabisa. Alikuwa bado anapiga mabawa akidhani mimi ndiye chakula.

Hajji alikuwa tayari na mshitakiwa. Nikamwomba kwanza tukae tuangalie banda. Vyumba vya kutagia vilikuwa vimebanana, havina kizuizi mbele, na jozi zilikuwa nyingi kuliko nafasi. Haikuchukua muda tukamwona kinda mwingine akitoka chumbani kwake kwa njaa, akajikokota hadi chumba cha pili, na jike wa huko akamshukia kwa mdomo, kichwani, kichwani tena. Njiwa mkubwa hulinda eneo lake hivyo hivyo, na kinda anayepotea njia hupigwa utosini na jirani. Mama mzazi hakuhusika. Hajji alitikisa kichwa. "Kumbe ni ugomvi wa mizigo," akasema, akimaanisha zile nyumba zetu za kupanga za mlango mmoja mmoja, ambako mtoto wa huyu akikanyaga kibarazani kwa yule, vita vinaanza.

Nikamwambia mwenye mizigo ndiye aliyezibananisha. Hakucheka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tunapenda sana kesi ya mama katili. Inatupa mkosaji na inatupa nafasi ya kuwa mwokozi. Lakini kwenye mabanda niliyoyaona, kinda aliyejeruhiwa au kuachwa karibu daima anakupeleka kwa fundi: bati linalovuja, vyumba vilivyobanana, sakafu ya gazeti inayoteleza hadi miguu ya kinda inapanuka kama mtu aliyeanguka kwenye barafu, panya wanaopita usiku. Ukimtibu kinda bila kugusa banda, jiandae kumtibu ndugu yake.

Na kumtibu kwenyewe kuna utaratibu ambao huruma huupindua. Mtu akiona kinda amelegea, mkono unakimbilia chakula. Kinachotakiwa kwanza ni joto. Kinda baridi hasagi kitu. Unachomtia kinakaa kwenye gole kinachacha, na kesho unaona uvimbe unaonuka. Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na kinda wa siku chache anahitaji karibu 35. Wafugaji wa kuku wa nyama wana balbu zao, nazo zinafaa, mpaka umeme ukatike. Mimi naamini chupa ya plastiki yenye maji moto, imefungwa kitambaa, imewekwa upande mmoja tu wa boksi ili kinda aweze kusogea akizidiwa. Sigiri ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi, na hewa ya mkaa iliyoua watu wazima usingizini haitamwacha yeye.

Akishapata joto na akaanza kusumbua, hapo ndipo chakula. Chakula cha vifaranga kisagwe laini, kiloweshwe maji ya uvuguvugu kiwe uji mwepesi, na siku zinavyokwenda kizidishwe uzito. Kinda wa njiwa hafungui mdomo kama kwera akingoja kutiwa. Yeye huchomeka mdomo wake ndani ya kinywa cha mzazi na kuvuta. Kwa hiyo bomba la sindano, bila sindano, likatwe ncha, livalishwe kipande cha mpira chenye tundu, na umwache achomeke mwenyewe. Mara ya kwanza uji utakujaa hadi kwenye viwiko. Mara ya tatu atakujua. Gole lijae liwe laini kama puto lisilovimbishwa sana, kisha ungoje lipungue kabla ya kulisha tena.

Maji usimmiminie kamwe. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, na matone machache yakiingia huko yanatosha. Makinda wengi wanaofia mikononi mwa watu wema hawafi kwa kidonda walicholetwa nacho. Wanakufa kwa maji, mkate na haraka.

Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa chumvi kidogo. Mafuta ya kupaka ya nyumbani yaache, yanagandisha manyoya na kumpotezea joto. Yule wa Hajji tuliirudisha ngozi mahali pake ikiwa bado mbichi, tukaifunika, na ikashika. Lakini kama aliyemuuma ni paka, usingoje hata kama unaona tundu dogo tu la jino. Mdomo wa paka una bakteria wanaomaliza ndege kwa siku moja au mbili, na hapo panahitajika daktari na dawa siku hiyo hiyo.

Daktari yupi? Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Niliwahi kuingia duka moja la dawa za mifugo mjini na kinda ndani ya kikapu. Dada wa kaunta, mpole kabisa, aliuliza, "Kuku wangapi, ssebo?" Nikasema njiwa mmoja. Akakitazama kikapu, akanitazama mimi, akanipa pakiti ya antibayotiki ya kuchanganya na maji ya banda zima. Kipimo? "Weka kidogo tu." Mimi simlaumu dada huyo. Pakiti ilitengenezwa kwa ajili ya mamia ya kuku wa nyama, na maandishi yake hayamfikirii ndege wa gramu mia mbili aliye peke yake. Nchi hii imejenga elimu yake ya mifugo juu ya ng'ombe wa Ankole na kuku wa biashara, na kwa mfugaji wa kuku elfu moja mantiki ni sahihi: mmoja akiugua unamtoa, unawakinga waliobaki. Makerere ina chuo kizima cha tiba ya wanyama, na wahitimu wake wanajua mfupa wa ndege unaungwaje. Ila kati yao na mtoto wa Kibuli mwenye njiwa mgonjwa pamesimama duka linalouza kwa lita.

Ningependa maduka hayo, ya Container Village mjini na ya kila kituo cha biashara, yawe na karatasi moja ukutani yenye kipimo kwa uzito wa ndege mmoja, na dawa iliyofungwa kwa kiasi hicho. Gharama yake ni ndogo. Faida yake haiishii kwa njiwa, maana "weka kidogo tu" ndiyo njia ya uhakika ya kuwafundisha bakteria kuizoea dawa, na bakteria hao hawabaki bandani.

Kuna wanaonikatiza hapa na kusema: katika mji ambao watoto wa watu wanakosa matibabu, wewe unahangaika na njiwa? Hoja hiyo nimeisikia sana. Bado sijamwona mwenye kuitoa akimpeleka mtoto wa jirani hospitali kwa pesa aliyookoa kwa kutomtibu njiwa. Ila nakubali kwamba kutunza kuna mpaka. Kinda aliyevunjika uti wa mgongo, au aliyepasuliwa tumbo utumbo ukatoka, asichezewe siku tatu ili sisi tujisikie vizuri. Achinjwe upesi na mkono unaojua. Na aliyekwisha kunywa antibayotiki asigeuzwe mchuzi wa jioni.

Kabla ya bomba na chupa kuna njia bora zaidi ambayo wafugaji wazee huitumia kimya kimya: tafuta jozi nyingine yenye kinda wa umri ule ule, hasa iliyobakiwa na mmoja, umwekee. Njiwa hawakagui ukoo wa kinda mdogo. Akikuta mdomo unaomba ndani ya kiota chake, analisha. Kinda hulelewa na njiwa akawa njiwa. Aliyelelewa peke yake na mtu humfuata mtu, hulilia mtu, na baadaye hupata tabu kupata mwenza. Picha ya kinda begani inapendeza mtandaoni, ila yeye ndiye anayelipia.

Na huyo wa mti sasa.

Watu wengi bado wanaamini kwamba ndege akisikia harufu ya mkono wa binadamu kwa mwanawe humtupa. Si kweli. Wengi hujua kiota chao kwa mahali, na wanaokihama huwa wamehamishwa na purukushani zetu, hasa wakiwa bado kwenye mayai. Kinda uchi aliyeanguka, kama hana jeraha na kiota unakiona, mrudishe. Mwenye manyoya tayari, anayerukaruka chini huku wazazi wakipiga kelele matawini, hajapotea. Yuko kwenye mazoezi ya kuruka, na hatari yake kubwa ni paka wako na huruma yako. Mfungie paka.

Ndege wa bendera yetu ndiye anayetuumbua zaidi. Korongo wenye taji hutaga majini, katika nyasi za chepechepe, na makinda yao hutoka kiotoni wakitembea ndani ya siku moja hivi. Mtu akikaribia, wazazi husogea mbali kwa makusudi na makinda hujilaza kimya nyasini. Mpita njia anaona mtoto wa ndege mzuri, peke yake, hana mama. Anambeba. Mama yuko kule alikosogea, anatazama. Baganda wa ukoo wa Ŋŋaali wanamheshimu ndege huyu kama muziro, alama ya ukoo wao, timu ya taifa inaitwa kwa jina lake, na bado tangu 2012 amehesabiwa duniani kati ya spishi zilizo hatarini. Kukauka kwa mabwawa ndiko kunakomuumiza zaidi, lakini kubebwa "kwa huruma" nako kumo.

Majirani zetu wa Rwanda waliliona tatizo hili mapema. Korongo walikuwa wamejaa kwenye bustani za hoteli na za wenye nyumba, mabawa yamekatwa. Kuanzia 2014, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alizunguka akiwaomba watu wawasalimishe bila kushitakiwa, na zaidi ya 200 wakaandikishwa. Waliokuwa wazima walizoeshwa tena pori katika hifadhi ya Akagera. Waliovunjwa mabawa wasiweze kuruka tena wana makao yao Kigali, Umusambi Village, na watu huenda kuwatazama. Mimi huona huo ndio mfano wa kuiga, kwa sababu haukuanza kwa kuwatukana watu waliokuwa na ndege. Wengi wao walidhani wanapenda.

Lakini yupo mwingine ambaye hapendi chochote, na yeye hutumia maneno yale yale. Kasuku wa kijivu hutotoa ndani ya mashimo ya miti mirefu, na kinda wake hukaa humo karibu wiki 12 akilishwa. Hadondoki ovyo barabarani. Anayekuuzia kinda wa kasuku na hadithi kwamba mama yake alimwacha amempandia mama huyo mtini, au amenunua kwa aliyempandia. Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliotoka porini ilipigwa marufuku katika mkutano wa CITES wa Johannesburg mwaka 2016. Bado wanavushwa. Mwaka 2023 mahakama ya Kampala ilimfunga miaka saba raia wa Kongo aliyekamatwa na kasuku 122. Na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haina utani: kumweka ndege wa porini nyumbani bila kibali ni kosa, na kwa spishi zilizo hatarini adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mwenye huruma na kinda wa kasuku asimnunue ili "kumwokoa". Shilingi yake ndiyo inayompandisha mtu mti mwingine.

Ukimkuta wa porini aliyeumia kweli, piga simu Mamlaka ya Wanyamapori, ofisi zao ziko Kamwokya, au kituo cha Entebbe tunachokiita zoo. Wengi hawajui kwamba mahali pale palianzishwa mwaka 1952 kwa kazi hii hasa, kupokea wanyama yatima na majeruhi. Mweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, mbali na kelele, na usimlishe. Nawa mikono. Wale ndege wa porini waliokufa Lutembe, njia ya Entebbe, Januari 2017, waliuawa na mafua ya ndege.

Na kuna mmoja ambaye sijawahi kutumiwa picha yake hata mara moja. Kaloli, yaani korongo marabu, wamejazana kwenye miti ya mji huu, Profesa Derek Pomeroy wa Makerere na wenzake wamewahesabu kwa miongo kadhaa, na makinda wao huanguka kutoka juu kila msimu. Mzazi hamfuati aliyeanguka. Huyu ndiye aliyeachwa kweli, chini ya mti, kando ya boda zinazopita. Hakuna anayemvulia koti. Ana upara, ananuka, na mdomo wake unatisha hata akiwa mtoto. Huruma yetu huchagua sura, tukubali hilo kwanza ndipo tujisifu.

Kinda wa Hajji alipona, ana baka la kichwani lisilootesha manyoya, na amekwisha kupata mwenza. Hajji ameweka vizuizi mbele ya vyumba na kuziba bati. Kupunguza jozi amekataa katakata. Anasema njiwa ni riziki na riziki haipunguzwi. Mimi namwambia banda ni lile lile la mwaka jana na njiwa wameongezeka. Juzi kanitumia picha nyingine.